Cheti Mfukoni, Kuruta Upya: Uhakiki wa Namna Tunavyoyahesabu Mafunzo ya Vijana

Mtu akitaka kujua jinsi Taifa linavyowatazama vijana wake waliopata mafunzo ya ulinzi, na aende Mpanda, Inyonga au kijiji chochote cha mwambao wa Ziwa Tanganyika siku ya kufunga mafunzo ya Jeshi la Akiba, ambalo wananchi bado wanaliita kwa jina lake walilolizoea, mgambo. Gwaride litapita mbele ya mgeni rasmi kwa mwendo wa haraka na mwendo wa pole. Silaha itafunguliwa na kufungwa mbele ya wazazi wanaoshangilia. Kisha mhitimu mmoja atatoka mbele, atapiga saluti, na atasoma risala.

Risala hiyo ndiyo tunayotaka kuihakiki, kwa sababu ni maandishi ya kisiasa kama yalivyo mengine yote, ingawa hakuna mwanafunzi wa siasa anayeyasoma kwa makini. Tumesikiliza risala za namna hii mara nyingi kiasi kwamba tunaweza kuufuata mpango wake bila karatasi. Huanza kwa shukrani. Hufuata orodha ya masomo: kwata, utimamu wa mwili, silaha ndogo ndogo, ujanja wa porini, usomaji wa ramani, huduma ya kwanza, uraia. Halafu huja hesabu ya walioanza na waliomaliza, na hesabu ya pili daima ni ndogo kuliko ya kwanza, maana kijana wa mgambo hula chakula cha nyumbani kwake, na mvua za Novemba zikianza shamba la mahindi au kitalu cha tumbaku hakimsubiri. Mwisho huja ombi. Ombi ni moja: kwamba mafunzo haya yatambuliwe, na nafasi za majeshi zitakapotoka wahitimu wakumbukwe.

Mgeni rasmi naye ana jibu lake la siku zote. Huwaambia vijana kwamba mafunzo si ajira, ni uzalendo. Wakae tayari kuilinda nchi. Wasiyatumie waliyojifunza kufanyia uhalifu. Kisha, kwa kuwa hakuna kiongozi apendaye kuondoka uwanjani akiwa amewavunja moyo watu, huongeza kwamba nafasi zikipatikana watapewa kipaumbele. Makofi hupigwa. Risala hukabidhiwa, hukunjwa, na safari yake huishia hapo.

Sisi tunaona kwamba katika mazungumzo haya pande zote mbili zimelikwepa neno lenyewe. Vijana wameomba kutambuliwa wakiwa na maana ya kuajiriwa. Kiongozi amekataa ajira, lakini ameahidi kipaumbele, ambacho ni ajira iliyovishwa kanzu. Hakuna aliyeuliza swali la msingi: mafunzo haya ni nini katika jengo la ulinzi wa Taifa, na kijana aliyeyapata anapovuka kizingiti cha Jeshi la Wananchi, anavuka na kitu au anavuka mikono mitupu?

Kwa kijana wa Katavi swali hili si la nadharia. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa. Uko ukingoni mwa nchi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ambako vita havijapata kukatika kwa muda mrefu. Reli ya kutoka Kaliua huishia Mpanda. Haiendi mbele zaidi. Katumba na Mishamo ziliwapokea maelfu ya wakimbizi wa Burundi tangu miaka ya 1970, na wengi wa watu hao na watoto wao leo ni raia wa Tanzania. Ikiwa kuna mahali ambapo ulinzi wa umma si maneno ya vitabuni tu, ni hapa. Na hapa pia ndipo kijana aliyemaliza kidato cha nne huuona mlango wa jeshi kuwa miongoni mwa milango michache inayofunguka bila ya kujuana na mtu, au angalau huamini hivyo.

Turudi nyuma kidogo, maana wako makada wanaolizungumza jambo hili kana kwamba limeanza jana.

Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, likitokana na Umoja wa Vijana wa TANU. Katika kuliunda, nchi yetu ilisaidiwa na Israel, ambako kulikuwa na mifano miwili tofauti. Mmoja, Gadna, ulikuwa wa vijana wa shule waliofundishwa kabla ya kufikia umri wa jeshi. Wa pili, Nahal, ulikuwa jeshi lenyewe: kijana alilima na kushika bunduki, na miezi ya jembe ilihesabiwa kuwa miezi ya utumishi wa kijeshi. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika mfano wa kwanza kijana anaandaliwa. Katika wa pili tayari ni askari. Sisi tulichukua kwa pamoja mambo ya mifano yote miwili, na hatukuamua sawasawa JKT yetu ni ya upande upi. Huo ndio mzizi wa tatizo tunalolijadili, nasi tunausema waziwazi kwa kuwa mara nyingi lawama hutupwa kwa vijana wenyewe.

Miezi sita baadaye, historia ilitoa jibu kabla ya wanasheria. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi tulilolirithi kwa mkoloni pamoja na maofisa wake, waliasi katika kambi ya Colito. Maasi yalizimwa tarehe 25 kwa msaada wa askari wa Uingereza, aibu ambayo Mwalimu hakuificha. Siku hiyo hiyo aliwaita vijana wa TANU popote walipo nchini waende katika ofisi za chama wakajiandikishe, ili kutoka kwao kiini cha jeshi jipya kipatikane. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lililozaliwa tarehe 1 Septemba 1964 lilikuwa, kwa maana kamili ya neno, mtoto wa mafunzo ya vijana. Haikuwa kijana anaomba jeshi limtambue. Jeshi ndilo lililomwendea kijana.

Mwaka 1971, baada ya Amin kuipindua Serikali ya Uganda na baada ya Wareno kuishambulia Guinea mwishoni mwa 1970, Mwongozo wa TANU ulipanua fikra hiyo: ulinzi usiachiwe jeshi peke yake, umma wenyewe ufundishwe. Mgambo ukaenea vijijini na viwandani. Wapo waliocheka wakati ule wakiona wazee na wasichana wanapiga kwata kwa bunduki za mbao. Oktoba 1978 Amin alipovamia Kagera, kicheko kilikwisha. Jeshi lilipanuliwa kwa wiki chache tu, na makumi ya maelfu ya walioongezwa walikuwa wanamgambo, wakiwa pamoja na vijana wa JKT, polisi na askari magereza. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka.

Wanafunzi wetu wanakijua kisa hicho, lakini hawakitazami kwa jicho la suala hili. Jeshi halikumwambia mwanamgambo wa 1978 aanze upya kama mtu asiyejua mguu wa kushoto. Halikumwambia pia kwamba cheti chake kinatosha. Lilimchukua, likampima, likamnoa kwa yale aliyopungukiwa, likampeleka mstari wa mbele. Huko ndiko kutambua mafunzo: kujua mtu amefika wapi, na kuanzia pale alipofika. Vita vilipokwisha na jeshi likapunguzwa, wengi walirudi mashambani, na utaratibu ule ukarudi nao.

Leo hali ikoje? Kijana wa kujitolea huingia JKT kwa kupitia wilaya na mkoa wake. Kijana wa Mpanda anaweza kujikuta Milundikwa au Luwa kwa majirani wa Rukwa, au Bulombora, Kanembwa na Mtabila kule Kigoma, au mbali zaidi. Hupata mafunzo ya awali ya kijeshi, hula kiapo, halafu hufanya kazi za uzalishaji, ufundi na ulinzi kwa mkataba wa miaka miwili. Si mwajiriwa, hupewa posho ya kujikimu. Nafasi za JWTZ zikitoka, cheti cha JKT humsaidia kufika mlangoni, na katika miaka ya karibuni majeshi na vyombo vya usalama vimekuwa vikiwatafuta askari wao wapya humo. Lakini akishachaguliwa hupelekwa Kihangaiko, katika chuo cha mafunzo ya awali cha jeshi, na huko huanza kuwa kuruta kwa mara ya pili. Kwata aliyoijua anaijifunza tena. Bunduki aliyoifungua na kuifunga gizani anaonyeshwa upya jina la kila kipande. Miaka yake miwili haiongezi chochote katika hesabu ya utumishi wake. Aliyepitia mgambo kabla ya JKT, na wako wengi wa namna hiyo katika wilaya za mpakani, huwa kuruta mara tatu.

Ajabu iliyo hapo ni kwamba JKT si taasisi ya kigeni kwa jeshi. Ni kamandi mojawapo ya JWTZ. Wanaoiongoza na wanaofundisha humo ni maofisa na askari wa jeshi hilo hilo. Kwa hiyo jeshi likimwanzisha kijana upya, linakataa kuiamini kazi ya mikono yake lenyewe. Ama mafunzo ya makambini ni mazuri, na basi yahesabiwe. Ama si mazuri, na basi yatengenezwe. Kuyasifu uwanjani na kuyafuta chuoni ni kusema maneno mawili kwa mdomo mmoja.

Tusiwe wepesi hata hivyo. Wapo wanajeshi wenye uzoefu wanaoutetea utaratibu wa sasa, na hoja zao hazistahili kudharauliwa. Wanasema kambi hazilingani: nyingine ina wakufunzi wa kutosha na uwanja wa shabaha, nyingine imetumia muda mwingi shambani. Wanasema vyeti hughushiwa, na hilo tunalijua. Wanasema, na hii ndiyo hoja yao nzito, kwamba chuo cha kuruta hakifundishi kwata tu. Kinamvunja mtu mmoja mmoja na kumjenga upya ndani ya kikosi, na kikosi hakijengwi na watu ambao baadhi yao wamekwishajiona wakongwe. Mtu aliyepata kuwaona wahitimu wa JKT wakiwabeza wenzao waliotoka moja kwa moja mtaani ataelewa hofu hiyo.

Mfano wa Marekani unasaidia hapa, ingawa si desturi yetu kujifunza siasa ya ulinzi kwa mabeberu. Huko kuna mpango wa kadeti katika shule za sekondari, JROTC, unaoendeshwa na majeshi yao. Kijana aliyeufuata kwa miaka kadhaa akijiunga na jeshi huweza kuanza na daraja la juu kidogo kuliko mwenzake, na mshahara unaolingana na daraja hilo. Lakini hasamehewi hata siku moja ya mafunzo ya awali. Anakwenda kunyolewa na kukemewa kama wengine. Yaani, wao wameyatenga mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya: kumfundisha askari ni jambo moja, na kuhesabu alichokwisha kukitoa ni jingine. Anaweza kufundishwa upya na bado miaka yake ikahesabiwa. Hoja za wakongwe wetu, hata tukizikubali zote, zinahusu jambo la kwanza tu. Juu ya la pili hazisemi kitu.

Na la pili ndilo linalouma. Kijana anayeingia JKT akiwa na miaka 19 au 20 hutoka akiwa ameikaribia mipaka ya umri inayowekwa katika matangazo ya nafasi. Aliyebaki nyumbani akicheza bao hakupoteza kitu. Aliyechimba mitaro, akalima mpunga wa kambi, akalinda mali ya umma usiku, ndiye anayeambiwa amezeeka. Sheria inayomwadhibu aliyejitolea na kumwacha aliyekaa haiwezi kuitwa ya haki, na haiwezi kudumu kuleta watu wa kujitolea.

Tumeyaona matokeo yake. Vijana wa JKT walitumika kujenga ukuta wa Mirerani, wa kilomita zipatazo 24, uliozinduliwa Aprili 2018, na wengine wakafanya kazi za ujenzi Ikulu ya Chamwino. Ahadi za ajira zilitolewa hadharani. Aprili 2021 vijana wa Operesheni Magufuli waligoma wakidai ahadi hiyo, na Mkuu wa Majeshi akatangaza kwamba 854 kati yao wamefukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Mwaka uliofuata Rais aliwasamehe na wakaitwa kurudi makambini. Kugoma ukiwa umevaa sare ni kosa, na nchi iliyopita Januari 1964 haina haki ya kulitazama kosa hilo kwa wepesi. Lakini kada anayeishia hapo hajafanya uchambuzi, amesoma amri ya kijeshi tu. Tujiulize: ahadi ile ilikuwa ya namna gani? Ilikuwa ni neno la jukwaani, lisilo na kanuni nyuma yake, ndugu wa kipaumbele kinachotolewa Inyonga na Karema kila mwaka. Kama ingekuwepo kanuni iliyoandikwa, inayosema miaka miwili ya kujitolea inahesabiwa hivi na kazi maalumu inahesabiwa vile, kijana asingehitaji ahadi ya mtu, na kiongozi asingepata nafasi ya kuitoa.

Hapa hatuna budi kujikosoa sisi wenyewe wa Chama. Yako mawazo, hayasemwi kwa sauti lakini yapo, kwamba mafunzo ya vijana yanayofanywa na Chama, makambi ya vijana na madarasa ya itikadi, nayo yahesabiwe kijana anapoomba jeshi. Wenye mawazo hayo huutaja mwaka 1964. Wanasahau kwamba mwaka 1964 Chama kilikuwa kimoja na kikawa ndicho mlango wa umma wote. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Katiba inamkataza askari kuwa mwanachama wa chama chochote cha siasa, na mwaka 2019 Sheria ya Vyama vya Siasa ilipiga marufuku vyama kuwa na vikundi vya ulinzi vya mtindo wa kijeshi. Kadi ya Chama ikianza kuhesabiwa kama nusu ya mafunzo ya ukuruta, jeshi litaacha kuwa la wananchi hata kama jina litabaki. Kinachostahili kutambuliwa ni mafunzo ya Taifa peke yake, yaani JKT, JKU kule Zanzibar, na Jeshi la Akiba, ambayo mtoto wa mwanachama wa chama chochote, au asiye na chama, anaweza kuyapata. Katibu wa tawi anayeandika barua ya kumwombea kijana nafasi ya jeshi kwa sababu ni kijana wetu anafanya kosa, na tunajua barua hizo zinaandikwa.

Basi kifanyike nini? Hatupendekezi cheti kiwe tiketi. Cheti kikiwa tiketi kitauzwa. Tunapendekeza kijana apimwe. Chuo kiwe na jaribio la siku za mwanzo, la shabaha, ramani, kwata, mwili na sheria za kijeshi. Anayefaulu apunguziwe masomo hayo na muda wake utumike kumfundisha ufundi wa kikosi atakachopelekwa, na anayeshindwa aanze na wenzake bila aibu. Kushindwa kwa wengi kutoka kambi moja kutakuwa habari njema kwa makao makuu, maana itajulikana ni kambi ipi inayolima bila kufundisha. Kwa sasa, kwa kuwa wote huanza upya, kambi nzuri na mbovu hazitofautiani. Jeshi linajinyima kioo.

Miaka ya kujitolea, kwa upande wake, ihesabiwe katika utumishi hata kama kijana ameshindwa jaribio lolote, kwa kuwa hiyo ni kazi iliyokwisha kufanywa. Na muda huo uongezwe juu ya kikomo cha umri.

Kuhusu mgambo tunasema zaidi, kwa kuwa ndio walio wengi na ndio wasio na mtetezi. Mshauri wa Mgambo wa Wilaya ni mwanajeshi. Anawajua vijana wake kwa majina na tabia kuliko bodi yoyote ya usaili itakayokutana nao kwa dakika kumi. Lakini anachokiandika juu yao hakisafiri. Kijana aliyemaliza mafunzo Mpanda akihamia Tabora au Mbeya huanza kama asiyejulikana. Daftari moja la utumishi, lenye masomo aliyoyafanya, alama za shabaha, doria alizoshiriki na maoni ya mshauri, linalomfuata kutoka mgambo hadi JKT na kutoka JKT hadi Kihangaiko, halihitaji fedha za kigeni wala mtaalamu wa kutoka nje.

Litabaki swali la wengi ambao hawataingia jeshini kamwe, maana jeshi haliwezi kuchukua kila aliyefundishwa na halikukusudiwa hivyo. Wengi wa wanaosimama katika gwaride la Mpanda watarudi Nsimbo, Mishamo na Mpimbwe kulima. Tunakiri kwamba juu ya hao makala hii haijasema ya kutosha. Kijiji kinapotafuta mlinzi wa ghala, halmashauri inapotafuta askari wa kukusanya ushuru wa mazao, mara nyingi huajiriwa ndugu wa mtu. Hilo halisubiri makao makuu ya jeshi. Linaweza kuamuliwa na serikali ya kijiji Jumatatu ijayo, kwa kufungua orodha ya wahitimu iliyomo kabatini kwa mtendaji wa kata, kama panya hawajaimaliza.